Taji la MaMlotshwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: Kifo cha Ethelina Mlotshwa, mwanamke, miaka 81
Yameandikwa Bulawayo, Alhamisi tarehe 19 Oktoba 2023, kuanzia saa nne na dakika kumi asubuhi

Jina la shahidi: Sikhangezile Tshuma
Umri: Miaka 61
Kazi: Fundi cherehani, mshonaji wa mavazi ya jukwaani
Makazi: Njube, Bulawayo

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Sajini Hadebe amenionya kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimemjibu kwamba uongo umeshasemwa, tena umechapwa gazetini, na huo ndio ulionileta.

Marehemu nilimfahamu kwa miaka arobaini na miwili. Sisi sote tulimwita MaMlotshwa. Alikuwa akifundisha ngoma na michezo ya kuigiza katika mtaa wa Makokoba tangu mimi sijazaliwa, kwanza katika uwanja wa kanisa, halafu katika ua wa nyumba yake. Hakuwa na cheti wala ofisi. Wacheza ngoma wa mji huu waliopanda ndege kwenda kucheza ng'ambo, wengi walianza kupiga mguu chini katika ua ule. Mimi nilimshonea mavazi ya kundi lake tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kila mtu aliyemkaribia alijua hilo, kwa sababu mwenyewe alikuwa akilitangaza kama mtu anayetangaza jina la ukoo.

Mnamo tarehe 2 Oktoba ilikuja barua kutoka Kamati ya Taji la Jiji. Ilisema kwamba Jumamosi tarehe 14 kamati itawaenzi wasanii saba waliolijenga jiji, na yeye ni wa kwanza. Ilisema wasanii wafike Ukumbi wa Thandanani saa mbili na nusu asubuhi, sherehe ianze saa tatu, chakula saa tano. Barua hiyo nimemkabidhi Sajini. Mwenyekiti aliyeitia sahihi ni Methuseli Gwebu. Gwebu naye alicheza katika ua ule. Alikula ugali wa MaMlotshwa karibu miaka sita, wakati mama yake alipokuwa amekwenda Johannesburg na hajulikani aliko.

Jumamosi hiyo nilifika kwa MaMlotshwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alikunywa uji mwepesi, akameza vidonge vyake mbele yangu. Alisema, "Nisijaze tumbo, MaTshuma. Huko saa tano wanachinja." Nilimvika gauni nililomshonea, la bluu, lenye shanga nyeupe kifuani na mabegani. Tulifika ukumbini saa mbili na dakika ishirini.

Wasanii tuliwekwa katika chumba cha nyuma ya jukwaa. Chumba hicho kina paa la bati, na madirisha yake yamepigiliwa mbao. Viti vilikuwa vinne kwa watu kumi na mmoja, wasanii na waliowasindikiza. Upande wa pili wa ukuta ni jiko. Kuanzia saa nne tulisikia harufu ya kuku wa kuchoma na nyama ya ng'ombe, harufu nzito ya kumfanya mtu ameze mate hadi yamwishe.

Saa tano ilipita, na saa sita. Saa sita na nusu niligonga mlango wa jiko. Alifungua katibu wa kamati, Bi. Sinqobile Ncube, funguo zikiwa shingoni mwake. Nilimwambia, "Binti yangu, kuna bibi ana ugonjwa wa sukari, amemeza dawa na hajala, sukari itamshuka. Nipe hata kipande cha mkate na soda moja."

Alisema, "Mama, chakula hakifunguliwi kabla mgeni rasmi hajafika. Ni itifaki."

"Atafika saa ngapi?"

"Yuko njiani."

Nilimuuliza, "Njia hiyo imeanzia Misri?" Hakucheka. Alifunga mlango. Kabla haujafungwa niliona meza ndefu yenye vitambaa vyeupe, sahani zimefunikwa, na soda zimezikwa ndani ya barafu.

Mgeni rasmi alikuwa mwenye maduka ya samani, ndiye aliyelipia sherehe. Jina lake lipo kwenye kadi ya mwaliko niliyokabidhi.

Saa saba na robo Gwebu aliingia chumbani kutuhesabu. MaMlotshwa alikuwa ameketi, kichwa ameegemeza ukutani. Alipomwona alinyoosha mkono akasema, "Methu, umeshakula, mwanangu?"

Gwebu akajibu, akimwita Gogo kama tunavyowaita mabibi, "Bado, Gogo. Sote tunafunga. Tunamsubiri mkubwa."

Nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na Sajini sasa. Vidole vyake vilikuwa vinang'aa mafuta, na kwenye ndevu zake kulikuwa na uzi wa nyama. Alimpa MaMlotshwa mkono ule ule, na MaMlotshwa akaushika kwa mikono yake miwili.

Saa nane kasoro MaMlotshwa aliomba kwenda msalani. Choo cha ndani kilikuwa kimefungwa. Mlinzi alisema kimesafishwa kwa ajili ya wageni wa meza kuu, tutumie kile cha nje. Cha nje kiko ng'ambo ya ua wa magari, ni kama mita mia moja, na jua la Oktoba mnalijua. Mcheza ngoma mmoja, Zenzo Sibindi, alimshika mkono mmoja, mimi nikashika mwingine. Hatukufika. Ilimtoka pale katikati ya ua, mbele ya madereva. Mmoja wao aliita, "Gogo, mvua imewahi mwaka huu!" na wenzake wakacheka. Zenzo aliwaambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya askari.

MaMlotshwa hakulia. Alisema tu, "Nisamehe gauni lako, MaTshuma."

Nilimrudisha ndani. Maji hayakuwepo bombani ila tone moja moja. Nilikata kipande cha pazia la zamani kwa mkasi wangu, nikakilowesha, nikamfuta. Aliyejua kuchezesha uwanja mzima kwa kupiga makofi mawili, nilimfuta kwa pazia kuukuu la ukumbi, nyuma ya kabati, Zenzo ametugeuzia mgongo ili atukinge.

Saa tisa na nusu alikuwa anatokwa na jasho la baridi, na mikono inatetemeka. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Nilikwenda tena jikoni, na safari hii niligonga kwa kiatu. Alikuja Gwebu mwenyewe. Nilimwambia, "Methuseli, mama yako anaondoka huku nyuma. Nipe sukari. Sikuombi nyama, nipe sukari."

Akasema, "MaTshuma, usinitie aibu leo. Magari ya mgeni yameshaingia getini. Mpeni maji, mpakeni poda. Dakika kumi tu."

Magari kweli yalikuwa yameingia. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Sinqobile alikuja na chupa ya manukato, akanusa hewa ya chumba, akakunja pua, kisha akampulizia MaMlotshwa kuanzia shingoni hadi miguuni kama mtu anayepulizia mende. Matone mengine yalimwingia machoni.

Aliitwa wa kwanza. Hakuweza kusimama peke yake, kwa hiyo Gwebu alimshika kwapa la kulia, na kijana wa kamati la kushoto, wakamtoa. Watu walisimama, wakampigia vigelegele. Mimi nilibaki pembeni ya pazia, hatua tano kutoka kwao. Mgeni rasmi alimvisha taji la shanga kichwani. Wapiga picha wakasema, "Gogo, tazama huku! Gogo, cheka!" Picha zilipigwa karibu dakika nne. Kisha mgeni hakumwacha akae. Alianza hotuba huku amemwekea mkono begani. Alisema msanii ni hazina ya jiji. Alisema wazee wetu tuwape maua yao wakiwa hai. Alisema hivyo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kipaza sauti kilikwaruza.

Alipokuwa anasema mara ya pili MaMlotshwa alianguka. Hakuanguka kwa kishindo. Magoti yalikunjika, akaenda chini pale pale, na taji likamtoka na kuviringika.

Gwebu aliinama upesi. Nilidhani anamwinua yeye. Aliokota taji, akalipangusa kwa mkono wa koti, akamwashiria kiongozi wa bendi. Bendi ikapiga kwa nguvu. Vijana wawili wa kamati walimvuta MaMlotshwa kwapani hadi nyuma ya pazia, viatu vyake vikibaki jukwaani. Nilimsikia Gwebu kwenye kipaza sauti akisema, "Gogo wetu amezidiwa na furaha!" na ukumbi ukapiga makofi. Walimwita wa pili.

Hilo naomba liandikwe kama nilivyolisema. Walimwita wa pili.

Zenzo alimbeba mgongoni. Geti lilikuwa limezibwa na magari ya msafara wa mgeni, na madereva walikuwa wameingia kula. Tuliruka ukuta mdogo wa upande wa soko. Muuza machungwa mmoja, simjui jina, alitupakia kwenye gari lake dogo. Tulifika hospitali saa kumi na nusu. Daktari aliuliza mara ya mwisho alikula lini. Nilimwambia, uji, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alinitazama kisha akaacha kunitazama. MaMlotshwa hakuzinduka. Alifariki Jumapili tarehe 15, saa tisa alasiri, mimi na Zenzo tukiwa pale. Mjukuu wake, Nokukhanya, alikuwa bado njiani kutoka Johannesburg.

Jumatatu gazeti liliandika kwamba msanii mkongwe alifurahia sherehe, akala pamoja na wageni, akarudi kwake, na usiku akapatwa na maradhi ya uzee. Maneno hayo walipewa na kamati. Picha ilikuwa ile ya taji.

Jumanne tarehe 17, saa kumi na moja jioni, Gwebu alikuja nyumbani kwangu. Nilimfungulia kwa sababu nilidhani amekuja kulia. Alikaa, akaulizia watoto, akasifu mpaka mapazia yangu. Halafu akasema, "MaTshuma, wewe ndiye uliyekuwa naye. Watu watakuuliza. Sema alikula. Kidogo tu, hata kipande cha kuku. Mfadhili akisikia vinginevyo ataondoka, na wasanii wa mji huu watabaki na nini?"

Nikamwambia, "Alikula nini, Methuseli? Manukato?"

Alishusha sauti. Akasema, "Kamati imekaa jana. Miaka arobaini umeshona nyuma ya pazia, hakuna aliyekutaja. Mwakani jina la kwanza ni lako. Taji lenyewe tayari lipo."

Nilimuuliza ni taji lipi. Akasema ni lile lile, limesafishwa.

Nilitoka nje, nikatapika kwenye mfereji. Niliporudi bado alikuwa amekaa, anasubiri jibu. Nilichukua kiti alichokalia nikakivuta. Aliinuka. Nilimwambia aende, na asikanyage mazishi. Alikwenda. Kwenye mazishi jana alikuja hata hivyo, na alizungumza dakika ishirini.

Sajini ameniuliza maswali mawili, nami nimeyajibu.

Swali: Kuna mtu alikuzuia kumtoa marehemu ukumbini kabla ya kuzidiwa?

Jibu: Hapana. Mlinzi alisema anayetoka harudi tena, lakini hakutuzuia kutoka.

Swali: Kwa nini basi hukumtoa?

Jibu: Saa nane, baada ya kumfuta, aliniambia, "Nirudishe nyumbani, MaTshuma. Taji watanipa kesho." Nilimwambia, "Vumilia kidogo, mama, ni siku yako." Haikuwa siku yake. Nilikuwa nimeshona gauni lile wiki tatu, shanga moja moja, na nilitaka watu walione. Nilitaka mtu aulize ni nani aliyelishona. Nimesema Gwebu ananitia kinyaa, na ni kweli. Lakini nikioga najinusa na mimi.

Nimeyasema haya nikiwa na akili timamu, bila kushurutishwa, na niko tayari kuyarudia mbele ya hakimu na mbele ya Gwebu.

Sahihi: S. Tshuma

Maelezo ya mpokeaji: Shahidi amesomewa maelezo yake kwa lugha ya Kindebele, ameyakubali na kuyatia sahihi mbele yangu saa sita na dakika tano mchana. Nilimweleza kwamba jibu lake la mwisho halihitajiki katika uchunguzi, na kwamba wakili wa upande wa pili anaweza kulitumia dhidi yake. Nikampa nafasi ya kulifuta. Alichukua kalamu, akaongeza nukta mwishoni mwa sentensi, akanirudishia karatasi. Bw. M. Gwebu na Bi. S. Ncube wametumiwa wito wa kufika kituoni kesho.

Sajini P. Hadebe