Gari Chotara

Mume mwenzangu Tumaini,

Hapa Kichiwa tu wazima, baridi tu inatutafuna. Bibi yako anakusalimu, ng'ombe kazaa.

Unauliza ununue haibridi, gari la mafuta na betri, au kagari kadogo kanakokunywa mafuta kidogo. Mwalimu wa shule ya hapa kaniambia haibridi ni chotara, nikashtuka. Ujanani nilipanda mahindi chotara, nikavuna mno, nikamcheka bibi yako na mbegu zake za kienyeji. Mwaka uliofuata nikapanda mbegu za mavuno yaleyale. Kumbe chotara hairudiwi, nikapata mabua! "Kula maringo yako," akasema, huku akinipakulia ugali wake.

Lakini mwaka wa kwanza nilishiba kweli, ndiyo maana nimechanganyikiwa. Muulize muuzaji: betri ikichoka, Makambako nitapata nyingine? Akikohoa kabla ya kujibu, nunua kadogo. Asipokohoa, mimi sijui.

Babu yako asiye na leseni