Makombora ya Majini

Bweni la wasichana, Itigi
Alhamisi, baada ya vipindi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie na Bibi shikamoo yake. Kifua chake kikoje na vumbi la mwezi huu? Na mgongo wako? Kuku waliobaki baada ya kideri wameanza kutaga? Mimi mwili hauna neno. Huku ni joto, maji tunachota kwa zamu, masomo yanaendelea. Ila tangu jana chakula hakipiti.

Mama, barua hii naomba uisome mwenyewe, polepole. Usimpe Baba mdogo aisome kwa sauti mbele ya watu kama ile iliyopita.

Barua yako aliileta dereva wa lori la vitunguu jana mchana. Niliifungua nikiwa bado kwenye foleni ya chakula. Umeandika: "Bibi yako amesema Jumamosi wifi yako apande basi arudi kwao Tanga. Barua yako imesomwa, kila mtu amesikia. Hayo ya majini uliyajuaje, mwanangu?" Nilisoma mara tatu ndipo nikaelewa, nikatoka kwenye foleni na sahani tupu.

Naomba nieleze tangu mwanzo. Kuna setilaiti, chombo ambacho Wamarekani walikirusha angani. Kiliharibika muda mfupi baada ya kufika huko juu. Kikawa hakiwaitikii wenyewe, kinashuka kidogo kidogo, na ndani yake kuna tangi la mafuta yenye sumu. Mwalimu wa fizikia alituletea gazeti. Redioni walisema hakuna anayejua kitaangukia wapi. Nilijua na nyinyi mnaisikiliza redio hiyo hiyo, nikamkumbuka Bibi anavyoogopa radi. Ndiyo maana nikaandika, ili msiogope. Nakumbuka kila neno: "Msiwe na wasiwasi, chombo kile kitapigwa na makombora ya majini kabla hakijamfikia mtu yeyote."

Majini, Mama. Kwenye maji. Baharini. Ni makombora yanayorushwa kutoka kwenye meli ya vita. Kwanza niliandika "manowari", kisha nikalikata, nikaona Bibi hatalijua. Nikachukua lile neno la gazetini nikidhani ndilo jepesi.

Sasa nimeona ilivyokuwa, maana umeniandikia yote na sauti ya Bibi naisikia kabisa.

"Mnaona? Mimi nilisema. Ubani ule anafukiza wa nini?"

"Wa kufukuza mbu, Bibi," wifi akajibu. "Na harufu nzuri tu."

"Mbu wa hapa Shelui wanajua ubani? Huyo anawaita wenzake wa Tanga."

Na Baba mdogo, aliyekuwa ameishika barua mkononi na angeweza kuitazama vizuri, yeye akafanya mzaha: "Basi mkwe wetu awaombe watutungulie na mvua kidogo, alizeti inakauka!" Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Akasema, "Salome ameandika. Salome yuko kidato cha tatu, na tangu azaliwe hajasema uongo." Siku chache baadaye redio ikatangaza kwamba chombo kimepigwa kweli, na toka hapo Bibi hali chakula alichopika wifi.

Mama, hapo ndipo ninapoumia. Wifi ana mimba ya miezi saba. Kaka yuko na lori Kongo, simu yake haishiki mpaka arudi Tunduma. Hakuna wa kumtetea. Na tangu Baba afariki najua wewe huwezi kumpinga Bibi mbele ya watu. Wifi ndiye aliyenileta huku siku ya kwanza, akakaa na mimi getini mpaka nilipoacha kulia, basi likamwacha.

Jana jioni nilikwenda kwa mwalimu wa zamu kuomba simu. Unanijua mimi kuongea na walimu. Nilisimama nje ya mlango mpaka akaniona mwenyewe.

"Kuna msiba nyumbani?"

"Hapana, mwalimu."

"Mgonjwa?"

"Hapana."

"Sasa simu ya nini?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye majini alicheka mpaka akavua miwani, akamwita mwenzake, "Njoo usikie, kumbe Tanga wana jeshi la anga!" Hakuwa na nia mbaya. Alinipa simu yake. Ya kwako haikupatikana, nikakumbuka umesema iko kwa fundi. Ya Baba mdogo ikaita, akapokea katikati ya honi za malori.

"Nani? Salome! Msomi wetu! Sikusikii vizuri, niko stendi namkatia wifi yako tiketi!"

Nikapiga kelele, mimi ambaye darasani huambiwa niongeze sauti: "Baba mdogo, siyo majini! Ni majini!"

Nikasikia mwenyewe nilichosema. Yeye akasema, "Ndiyo, ndiyo, majini, tumeelewa," na simu ikakatika. Nilirudia mara tano, haikupatikana tena. Mwalimu alikuwa ameacha kucheka.

Ruhusa ya kuja nyumbani wamekataa, wanasema mpaka mzazi apige simu. Barua hii itaondoka kesho asubuhi na gari la shule hadi Singida mjini, kisha apewe kondakta wa basi la Nzega. Inaweza kukufikia kesho jioni. Inaweza kukufikia Jumatatu.

Leo nilijaribu kumwandikia Bibi ukurasa wake kwa Kinyiramba. Nilikwama kwenye meli. Maji makubwa aliyoyaona Bibi ni Ziwa Kitangiri, na huko kuna mitumbwi. Nikaandika: nyumba ya chuma inayoelea, inatema moto, moto unapanda kupita mawingu na kuvunja kitu kisichoonekana. Niliposoma tena nikaona hata mimi ningesema ni majini. Nimeuchana.

Kwa hiyo, Mama, usimweleze. Mwambie nilidanganya. Mwambie Salome aliyatunga yote ili aonekane msomi, na amekiri kwa mkono wake. Atakasirika sana, na nikija likizo hataniamini hata nikimwambia maji yamechemka. Nitavumilia. Ila mwambie kabla ya Jumamosi, na umwambie mbele ya wale wale waliosikia. Najua nakuomba jambo gumu.

Msalimie Baba mdogo, ingawa nimemkasirikia. Msalimie Shangazi wa mashine ya kusaga na watoto wake. Kaka akipiga simu, usimwambie akiwa anaendesha.

Na wifi, msalimie, kama bado yupo.

Ni mimi mwanao,
Salome