Mashujaa Wanaoimba Wakichapwa

Mushaki, Jumanne. Ukungu umelalia malisho tangu asubuhi, na mbavu zangu zinaniambia hautaondoka leo. Mimi pia sitaondoka kitandani. Vidole havinitii tena, kwa hiyo mimi nasema, na mjukuu wangu Furaha anaandika kwenye blogu yake.

Jana mama mmoja wa kanisani aliniletea kitabu cha maisha ya watakatifu. Alisema kitanitia nguvu. Nilimshukuru, na alipotoka nikamwomba Furaha akisukume chini ya kabati. Mtoto alishangaa. Anajua nimesoma maisha yangu yote, hata karatasi za kufungia sukari.

Sasa ninachotaka kusomewa ni kijitabu cha kupanda viazi tu.

Hakuna anayekufa humo ila viwavi.

Sitaki kwenda bila kueleza jinsi mpenda vitabu anavyofika kwenye viazi.

Katika miaka ya arobaini, Wazungu wakiwa vitani, nilikuwa nikilala shuleni kwa mapadri, huku Masisi. Tulikula kimya. Mmoja wetu alisimama mbele akisoma kwa sauti huku wenzake wakitafuna maharage, naye alikula mwisho, chakula kikiwa kimepoa. Wengi waliichukia zamu hiyo. Mimi niliiomba. Nilipenda mashahidi wa dini: waliochomwa, waliochapwa, na wote walikufa wakiimba. Nilijua pa kupandisha sauti, na pa kunyamaza mpaka vijiko visimame.

Baba alikuwa mwindaji wa Kibua, upande wa Walikale. Miaka ile wanaume wa msituni walilazimishwa kuleta utomvu wa mpira wa porini kwa ajili ya vita, na aliyeleta kikapu pungufu alilipa kwa mgongo wake. Siku moja alitokea shuleni, amekuja kwa miguu, hakusema kilichompata. Padri alimruhusu aketi kwenye benchi karibu na mlango mpaka tumalize kula.

Ilikuwa zamu yangu. Nilisoma habari ya shahidi aliyechapwa mpaka ngozi ikaachana na mgongo, naye akaimba. Sikuwahi kusoma vizuri kama siku ile, maana baba alikuwa ananisikiliza.

Hakuegemea ukuta. Niliona, sikuelewa.

Tulipotoka nje aliniuliza taratibu, "Uyo muntu aliimba kweli?"

"Njo vile kitabu iko inasema, Papa."

Akacheka kidogo, akitazama miguu yake.

"Miye nililia kama mbuzi. Mama yako alisikia."

Kengele ikalia, nikaenda darasani. Nilipotoka alikuwa ameshaondoka.

Kidonda cha viboko mgongoni mwake kilioza. Alikufa kabla mvua hazijakatika. Ndugu yake aliyemuuguza alinieleza kwa fahari kwamba baba aliuma kitambaa mpaka mwisho, wasimsikie hata majirani.

Wote walisema amekufa kiume. Mimi nilijua alikotoa hilo.

Tangu hapo sikuweza kumaliza kitabu cha shujaa. Miaka ya hamsini, nikiwa mwalimu hapa Mushaki, niliagiza riwaya za Kifaransa kwa mchuuzi wa Hombo, nikawa msomaji wa ajabu: nilirukaruka kurasa nikitafuta mahali ambapo mwanaume mzima anachapwa na kulia kwa sauti. Nilipopapata nilikunja pembe ya ukurasa. Nilikunja chache mno. Waandishi huwapa wanawake na watoto machozi. Huwapa wanaume maneno mazuri. Baadaye nikapenda hadithi za mapenzi, nazo zikanichosha. Nikahamia magazeti, yakanijaza maiti. Ndipo nikabaki na mbegu, na mbolea, na umbali wa tuta na tuta.

Lakini kuna jambo nililoligundua wiki hii, na ndilo ninaloungama. Maumivu yakija, nauma blanketi. Mzee wa miaka yote hii, niliyekichukia kile kitabu cha mashahidi, bado nakitii.

Nimemwambia Furaha kwamba siku ya mazishi, wakisoma maisha yangu mbele ya watu, wasiseme nilikwenda kwa amani nikiimba. Waseme nililia kama mbuzi, kama baba yangu.

Ameacha kuandika kidogo. "Tate, batu batacheka."

"Wacha bacheke. Hata yeye alicheka."

Saa hii maumivu yamerudi. Nimelitupa blanketi chini. Nimelia, kwa sauti yangu yote, na mama wa jirani ameacha kutwanga ili asikilize. Furaha amenishika mkono, hakuninyamazisha.

Papa, huko uliko, umesikia?