Mama Semina na bibi wa kitanda cha dirishani

Shoga, acha unachofanya. Mama Semina leo kaumbuka!

Si unajua tangu arudi kwenye ile semina ya kuwauguza wagonjwa walio kufani haongei tena, ananong'ona tu? Basi kaingia wodini kwa yule bibi wa kitanda cha dirishani, watoto wake wamejaa pembeni. Kamshika binti mkubwa mkono, kalegeza sauti: "Tumruhusu mama aondoke kwa amani."

Bibi kafumbua jicho.

"Nani anaondoka?"

JICHO MOJA, shoga! Mama Semina kaganda kama kamwagiwa maji.

Bibi kaendelea: "Kufa nakufa, mwanangu, najua. Mbona mnaniaga bila kuniambia?"

Binti kaangua kicheko, halafu kilio, vyote pamoja. Mama Semina kaona hapa semina haisaidii. Kavuta kiti, kauliza kwa ile sauti yake ya zamani ya kukwaruza: "Haya bibi, unataka nini?"

"Nigeuzeni, mgongo unawaka moto. Na hawa waache kunong'ona kama wezi."

Wakamgeuza. Wakapiga soga mchana kutwa, bibi akiwasuta wanawe mmoja mmoja.

Jioni bibi katulia, kakata roho wamemzunguka. Mama Semina kaenda kutoa pole, machozi yakamporomoka. Wafiwa wakaacha msiba wao, wanampigapiga mgongoni: "Pole dada, jikaze, ndiyo kazi."

Kabembelezwa na WAFIWA! Kesho wodi nzima itamwigiza, na mimi nitakuwa wa kwanza.

Ila siku yangu ikifika, shoga, mwite yeye.