Mshahara wa Pontien kwa Jina Langu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Durban. Jumatatu, 8 Machi 1999, saa 4:20 asubuhi.
Jina: Gustave Cirhuza. Umri: miaka 36. Kazi: mlinzi wa magari. Makazi: Albert Park.

Ninamfahamu Pontien Mugisho tangu Bukavu. Mwaka 1995 tulifika Durban pamoja, tukapanga chumba kimoja, mimi, yeye na mkewe Valérie. Kila Jumapili baada ya kanisa Valérie alipika sombe ya majani ya muhogo, Pontien akituigiza mapadri wa kwetu mpaka tukatokwa na machozi. Sijapata tena Jumapili kama zile, na ninazitamani mno.

Mnamo tarehe 11 Januari 1998, Pontien aliamua kwenda Johannesburg kutafuta kazi. Kibali chake cha ukimbizi kilikuwa kimekwisha muda. Aliniambia, akiniita yaya, yaani kaka mkubwa, "Unipatie kopi ya papier yako, yaya. Yangu imekufa." Nikampa. Sisi husaidiana hivyo. Akabandika picha yake, akaajiriwa katika kiwanda cha vigae kwa jina langu.

Baada ya miezi michache akaacha kutuma matumizi. Valérie akaenda mahakamani, na hakimu akaamuru matunzo yake na ya mtoto wao Jeancy yakatwe kwenye mshahara wa Pontien. Amri ikapelekwa kiwandani kule Johannesburg, mkoa wa Gauteng. Tarehe 19 Agosti Valérie aliniletea jibu nimsomee, maana hajui Kiingereza. Waliandika kwamba hawana mfanyakazi anayeitwa Pontien Mugisho. Nilimsomea, nikamficha kwamba kule anatumia jina langu. Niliogopea kibali changu, na kumchoma rafiki kulinishinda. Valérie alinishukuru, akanipakulia chakula.

Juzi Jumamosi, saa nane mchana, nilimkuta mwanamke mwingine pale sokoni Warwick Junction akishonea cherehani ya Valérie, ile ile iliyonishonea shati langu la kwanza mjini hapa. Nikaenda kwa Valérie kumuuliza.

Akasema, "Niliiuzisha. Mutoto iko na njaa, Gustave."

Nililia njia nzima, mtu mzima na ndevu zangu.

Bado nampenda Pontien. Lakini Gustave Cirhuza anayelipwa kule kiwandani ni yeye. Naomba amri iandikwe upya kwa jina langu, mshahara huo ukatwe.

Haya nimeyasema kwa hiari yangu, na ndiyo yote ninayoyajua.

Sahihi: G. Cirhuza

Maandishi ya ofisa: Shahidi amesomewa maelezo kupitia mkalimani wa Kiswahili, akayakubali. Nimemwonya kwamba anaweza kushtakiwa. Kibali chake kimezuiwa kituoni. Ameuliza tu kama amri itauwahi mshahara wa mwezi huu.
Sajini T. Mkhwanazi