Picha ya Yoandri na Mama

Camagüey, 3 Machi 2023

Mdogo wangu Yoandri,

U hali gani huko Montevideo? Sisi tunapumua. Mama anakusalimu, ila miguu imevimba tena, na daktari anasema moyo umechoka. Kila asubuhi ananiuliza, "Yoandri anakuja lini?" Nimjibu nini?

Na kompyuta ya studio imekufa kwa virusi, pamoja na ile programu ya wizi tuliyotengenezea picha za harusi. Jirani yetu Fermín amenisaidia kuweka Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Sasa picha nitazitengenezaje?

Dada yako,
Odalys

Montevideo, 5 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kazi hainipi nafasi hata ya kukohoa.

Achana na programu za wizi. Iko ya bure, ya watu wote, inaitwa GIMP. Wala usiipakue kwenye tovuti za ovyo. Fungua dirisha la amri, andika: sudo apt install gimp. Kisimamizi cha vifurushi, yaani kile kinacholeta programu na vipande vyake, kitaileta pamoja na kila inachohitaji, kama mtu uliyemtuma nyama sokoni akakumbuka na vitunguu. Itakuomba nywila, nayo haitaonekana ukiiandika; usiogope.

Mwambie mama nakuja Desemba.

Mdogo wako,
Yoandri

Camagüey, 11 Machi

Yoandri ndugu yangu,

Salamu nyingi. Umeme ulikatika vifurushi vikiwa njiani. Uliporudi, mashine ikagoma, ikasema vifurushi vimevunjika. Fermín akacheka: "Hata mashine imeichoka nchi hii, Odalys!"

Mama siku hizi hawezi kulala chali, anasinzia kitini. Nimemwambia Desemba. Akasema, "Desemba ya mwaka gani?"

Dada yako

Montevideo, 12 Machi

Dada, poleni na umeme. Andika: sudo apt --fix-broken install. Kisha rudia ile ya kwanza. Itakubali.

Mdogo wako

Camagüey, 20 Machi

Yoandri,

Natumaini u mzima. Imekubali. Nilikuandikia habari za mama, ukanijibu habari za vifurushi. Haya, ahsante kwa vifurushi.

Sikia nilichofanya. Mama aligoma kula. Nikachukua picha yako ya ufukweni, nikakukata pole pole kuufuata ukingo wa bega, nikakuketisha kando yake katika picha yake ya sebuleni, nikalainisha kivuli. Nikaichapisha, nikamwambia, "Alikuja ulipokuwa na homa, mama. Hukumbuki?"

Akaishika kwa mikono miwili. "Amenenepa mwanangu," akasema. Akala wali na maharagwe meusi, sahani nzima.

Nimemdanganya mama yangu kwa ajili yako. Njoo uufanye uongo huu uwe kweli. Nakutumia uione.

Dada yako

Camagüey, 2 Mei

Yoandri,

Sikuulizi hali. Mama tumemzika jana. Nilikupigia simu tangu alipozidiwa, hukupokea.

Leo shangazi Nereida amepiga kutoka Tampa, analia kwa furaha: "Mungu ambariki Yoandri! Kumbe alikwenda kumuuguza mama yake!" Nikafungua ukurasa wako mtandaoni. Picha yangu ile ile. Chini yake umeandika: "Siku za mwisho kando ya mama yangu." Watu chungu nzima wanakusifu kwa moyo wako.

Sema neno.

Odalys

Montevideo, 4 Mei

Dada yangu mpenzi,

Pole, na mimi nipe pole. Simu nilikuwa naiona ikiita. Nilijua utasema nini, mkono ukakataa.

Ningewaambiaje watu kwamba sikuja? Na picha uliitengeneza wewe, si mimi. Sasa wananiuliza za mazishi. Kama mlipiga, niweke pale karibu na jeneza. Nyuma tu, si lazima mbele. Mkono wako ni mzuri, hakuna atakayejua.

Mdogo wako akupendaye,
Yoandri

Camagüey, 9 Mei

Yoandri,

Picha ya mazishi hiyo hapo, kama ilivyo. Aliyeshika jeneza mbele kulia ni Fermín. Kushoto kwake ni muuza mkate wa mtaani kwetu. Nyuma ni mume wa jirani yetu Zoraida, yule anayechechemea. Upande uliobaki hapakuwa na mwanamume wa kuushika, nikaushika mimi.

Nimeikuza, nimeitazama sana. Sioni pa kukuweka bila kumtoa mtu.

Odalys