Moto Katika Kibanda cha Opiyo

Jumatatu, 9 Machi 1931

Sijawahi kumwambia mtu hili: ninasikia Kikipsigis. Chote. Nimefundishwa mtoni na Taprandich, binti wa jirani yetu arap Tonui, siku ambazo Mama anadhani nafua peke yangu. Baba akijua atanivunja mkono. Ndiyo maana naandika Kiswahili cha shule — yeye anasoma Kijaluo tu, Mama hasomi kabisa.

Leo karani Nyaberi amekuja kuandikisha nyumba. Kila nyumba yenye meko itapata kura moja, kumchagua mtu wa hapa Kiptere kwenye Baraza la Wenyeji. Arap Tonui anakitaka kiti hicho. Ameshasema mbele ya watu kwamba akikipata, Wajaluo na cherehani zao watarudi ziwani. Mwenye cherehani hapa ni Baba peke yake. Basi!

Karani akaonyesha kibanda cha langoni, akauliza ni cha nani. Ni cha kaka yangu Opiyo. Kwetu mvulana akishakua halali tena chini ya paa la mama yake. Karani ni Mkisii — akasema hata kwao vijana wana vibanda, lakini hawapiki humo. Baba akamwambia Opiyo anajipikia. Uongo! Opiyo hajawahi kuchemsha hata maji. Karani akasema Jumamosi atakuja ayaone hayo meko.

Wazee wa Kikipsigis walikuwa nje ya ua wanacheka. Mmoja akasema kwa lugha yao Baba ana miguu ya korongo. Nikainama nisicheke. Mimi ni mtu mbaya.

Jumatano, 11 Machi

Baba amenituma nipeleke mafiga kwa Opiyo, niwashe moto mpaka ukuta uwe mweusi. Mama amekataa kugusa hata ukuni mmoja. Meko ni ya mke. Kijana ambaye hajaoa akiwekewa meko, ni mkosi.

"Wuon Opiyo, umemwoza mwanangu moshi," alimwambia Baba.

Baba akajibu bora moshi kuliko kufukuzwa kama mbwa. Macho yananiwasha kwa moshi. Nawachukia wote. Baba, karani, arap Tonui, na hilo Baraza lao.

Ijumaa, 13 Machi

Arap Tonui amekuja na vijana wawili, Baba akiwa sokoni. Hawakubisha. Waliingia kwa Opiyo wakapindua figa — chini yake udongo mbichi, hakuna jivu la zamani. Mzee akatoka, akanisalimu kwa Kiswahili, kwa upole: hujambo, mtoto wa fundi. Nikatabasamu kama mjinga. Kisha akawageukia wale vijana, akasema kwa lugha yao:

"Wanataka moto humu ndani? Tutawapa."

Kesho, akasema! Sisi tukiwa sokoni, kabla karani hajafika. Kibanda kisipokuwepo, kura haipo. Wanadhani hakutakuwa na mtu. Hawajui Jumamosi Opiyo anarudi kutoka kiwanda cha chai, amekesha kazini, analala kama gogo mpaka jioni.

Nikisema, Baba atauliza nimejuaje. Nikitaja mtoni, Taprandich atachapwa na baba yake mpaka asitembee. Nisiposema —

Siwezi hata kuandika.

Jumamosi, 14 Machi

Nimesema.

Opiyo amefika asubuhi ananuka chai, akajitupa kitandani na nguo zake. Baba na Mama wameshakwenda sokoni. Nimebaki, nimesema naumwa tumbo. Nikamwambia atoke, kibanda kitachomwa. Akageukia ukutani. Akasema nikaoshe vyombo, niache ndoto zangu. Sasa ningefanya nini? Nikamrudia maneno ya arap Tonui vile vile alivyoyasema, kwa Kikipsigis.

Hapo akaamka. Lakini si kwa ajili ya moto!

"Dorcus, nani amekufundisha hiyo lugha?"

Akasema ni mvulana. Mvulana wao, hakuna kingine. Nikamwambia moto, Opiyo, moto unakuja, akasema moto atanionyesha Baba. Amenifungia humu humu kibandani, ameegemeza gogo mlangoni kwa nje, amekwenda kumwita. Karatasi zangu ninazo, huwa nazificha ndani ya gauni.

Waache wadhani ni mvulana. Nitapigwa, lakini Taprandich hatatajwa. Nimeshaamua.

Kuna mtu mlangoni.

Ni Taprandich! Ananiita kwa kunong'ona. Aliniona nikifungiwa. Anasema nitoke upesi, baba yake na vijana wameshatoka nyumbani, wamebeba kinga cha moto. Anasukuma gogo, nasikia anavyohema. Ni zito kwake. Nimemwambia aende. Anasema hawezi kuniacha humu.

Nasikia viatu njiani. Viatu vya Baba navijua, na Opiyo anaongea kwa hasira. Wanakuja huku moja kwa moja. Watamkuta!

Nitapiga kelele akimbie. Kwa Kikipsigis, wasikie wote, Baba na wenye moto pia. Karatasi, ingia ndani ya